Miaka ya Kuvisha Watu, na Filamu Moja ya Kuvua

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya filamu nilipewa rundo la mashati mapya, kadi za dukani bado zinaning'inia, nikaambiwa niyachafue. Nilikuwa nimetoka kiwanda cha nguo kule Pinetown, nje kidogo ya Durban, ambako tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kola lilitosha kukurudisha nyumbani. Nikafikiri huyu mama wa Kihindi aliyenipa ananipima akili. Nikashika shati moja, nikamwangalia. Naye akaniangalia. Akaniambia watakaoyavaa ni wachimba migodi, na mchimba migodi hatoki shimoni na shati lenye mikunjo ya duka. Kisha akanipa kikwaruzo cha karoti na kopo la majivu, akaenda zake kunywa chai.

Huyo ndiye Aunty Saroj, mkuu wa nguo, mtu wa Chatsworth, aliyenifundisha kazi hii yote. Nyinyi Nomvula na Aline, mliobaki na pasi yangu, hamkumkuta. Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nikasema sina. Nilikuwa nalo, ila keki ilikuwa inayeyuka. Neno lenyewe ndilo hili. Mtanisamehe maandishi. Shule niliishia darasa la nne, Buyenzi, Bujumbura, na mwalimu wetu Stanislas alikuwa akitufundisha nusu ya siku, nusu nyingine tunampalilia mihogo. Vyeo na mishahara nitaruka. Vyeo sikuvipata, na mishahara mnaijua.

Kuzeesha nguo, basi, ndilo somo la kwanza. Unachemsha chai nyeusi, unachovya, unaanika bila kukamua. Viwiko unavisugua kwa msasa. Mifukoni unatia mawe, unaitundika nguo mpaka ilegee kama ya mtu aliyetembea na shida zake. Nilikaa miaka mingi nikiharibu vitu vizuri, na nikasifiwa. Mume wangu Anaklet, Mungu amrehemu, hakuwahi kuelewa. Kila nikirudi nyumbani nikimfulia shati, alikuwa akikaa karibu na beseni kuangalia nafanya nini.

Damu ya filamu ni sharubati yenye rangi, hilo mnalijua. Lakini kuna mtu wa ofisini, Graham, hakulijua. Tulikuwa na filamu ya vita, askari wakafa wengi sana siku ya Jumatatu, na Graham akasema nguo zisifuliwe, damu ibaki ilivyo ili kesho picha zifanane. Durban hii, joto hili, sharubati ile. Sisimizi walifanya mkutano mle kwenye sanduku. Jumanne maiti wakavaa, wakalala chini, kamera ikaanza, wakafufuka wote wakijikuna. Graham akauliza kwa nini maiti hawana nidhamu.

Aunty Saroj alikuwa na kanuni mbili, na hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Ya kwanza: ukitaka kujua kama mtu amekubali nguo, usisikilize mdomo, angalia mikono. Mpe. Anayeitaka ataijaribu hata barabarani, kwenye kioo cha gari la mtu. Asiyeitaka ataikunja vizuri. Kadiri anavyoichukia ndivyo anavyoikunja vizuri zaidi. Ya pili: kwenye filamu hakuna mtu aliye uchi hivihivi. Hata aliye uchi ametoka mkononi kwetu, kwa hiyo uchi nao ni vazi. Akitoka nalo vibaya, sisi ndio tuliomvisha vibaya.

Hiyo ya pili sikuielewa kwa muda mrefu. Macho ya Aunty Saroj yakachoka, akaenda kukaa kwa binti yake Kamini, akaniachia mkasi, sanduku la pini, na kanuni.

Halafu ikaja filamu ya wanafunzi.

Wenye filamu walitoka ng'ambo, wakitafuta mahali panapofanana na chuo cha Amerika cha zamani. Wakakipata juu ya kilima chetu hapa, majengo ya matofali mekundu na majani yaliyokatwa vizuri. Kumbe ukificha robot mbili, zile taa za barabarani, na kuzuia taxi zisipige honi, Durban ni Amerika. Waliobaki na uraia wao ni wanyama tu. Tumbili waliiba wigi la mwigizaji mkuu, wakalipandisha juu ya paa, wakalivaa kwa zamu. Na wale ndege hadeda: kila waigizaji wakisogezeana midomo, hadeda anapita juu akipiga kelele kama mtu anayeona aibu kwa niaba yao. Wakatenganishwa, wakapakwa poda, wakaanza upya, hadeda akarudi. Nimeona ndoa zilizokuwa na mabusu machache kuliko asubuhi ile.

Mwongozaji aliitwa Julian. Kijana mpole, suruali ya kulalia mchana kutwa, na hakujua jina la mtu hata mmoja. Wote tulikuwa dalingi. Mimi dalingi, Sipho wa taa dalingi, na tumbili mmoja aliitwa dalingi kabla Julian hajavaa miwani. Msaidizi wake alikuwa Kyle, kijana wa hapa Durban, aliyepata kukaa Moshi akifundisha watoto mpira, akarudi na Kiswahili cha kutosha kumpoteza mtu. Yeye ndiye aliyenieleza hadithi.

"Gogo," akaniambia, maana pale kazini wote waliniita Gogo, bibi kwa Kizulu, "hii filamu ni juu ya mapinduzi."

Nikamwambia mapinduzi nayajua, ndiyo yaliyonileta Durban. Akacheka, akasema haya si ya bunduki, ni ya mapenzi. Kwamba zamani kule, vijana wa chuo walipata vidonge vya kuzuia mimba, wakapata na magitaa, wakaamua kwamba ndoa ni mnyororo na nguo ni gereza. Nikamuuliza, hayo magereza wakishayatupa sakafuni, nani aliyafua? Kyle akafunua karatasi za hadithi, akatafuta kwa heshima kabisa. Hakumwona mtu huyo.

Miaka hiyo wanayoiigiza, mimi nilikuwa msichana Buyenzi. Mambo yale yalikuwepo, watu wakipotea nyuma ya soko kama kawaida ya dunia. Ila hatukuyapigia gitaa, na asubuhi kila mmoja alikuwa kanisani au msikitini, macho mbele.

Kazi yenyewe, niseme kweli, niliipenda. Bugaluu nilizikata mwenyewe, pana chini mpaka zinafagia, na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, tulivipata kwa mzee mmoja wa Overport, Mzee Ebrahim, aliyekuwa amevihifadhi akiamini vitarudi. Nikamwambia vimerudi, akalia kidogo. Shida ilikuja na boksi kutoka ng'ambo. Ndani vitambaa vidogo vya kubandika mwilini, ili mwigizaji aonekane uchi bila kuwa uchi. Juu ya boksi wameandika: rangi ya ngozi. Nikafungua. Vyote rangi ya kuku aliyenyonyolewa. Nikamuuliza Kyle, ngozi ya nani? Akaangalia boksi, akaniangalia mimi, akasema, "Eish." Basi mimi na Nomvula tukachemsha rooibos, ile chai nyekundu ya huku, na kahawa, tukatengeneza ngozi za kila namna, tukazianika kwenye kamba. Mpishi Dudu alipita, akauliza vile ni nini. Nomvula akamjibu, ngozi. Siku ile chakula chetu kiliachwa mbali.

Sasa walihitaji vijana wa kujaza chuo. Kyle akaja kutafuta kwetu Albert Park, mtaa wa sisi Warundi na Wakongo, akakutana na Mwalimu Zakayo, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, mtu wa Uvira, mchana anapanga mizigo kwenye ghala moja Clairwood. Kyle akamwambia kwa kile Kiswahili chake: ni filamu ya wanafunzi wanaodai uhuru. Mwalimu Zakayo akavua kofia. Mtu aliyekaa South Africa ukimtajia wanafunzi na uhuru kwa pumzi moja, anaona watoto waliopigwa risasi na polisi enzi za ubaguzi, wakiwa na sare za shule. Akasema ni heshima kubwa, kwaya nzima itakuja. Akawawekea mikono, akawaombea. Yeye mwenyewe akapewa nafasi ya profesa: koti la sufu lenye viraka viwikoni, na kiko. Kile kiko alikishika kama mtu aliyeombwa kushika konokono wa mwenzake.

Siku ya kwanza ya kwaya ilikuwa tafrija. Julian akawaambia muwe huru, simameni popote mnapopenda. Wakaenda wakasimama. Soprano mbele kushoto, alto kulia, tenori na besi nyuma. Julian akasema zaidi, kuweni huru zaidi. Wakasogea hatua moja, wakakohoa, wakasubiri kupewa noti ya kuanzia. Mwalimu Zakayo na kiko chake akawapa.

Kati ya soprano alikuwepo binti yake, Furaha, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, anasomea mambo ya hoteli. Nilimvalisha sweta la shingo ndefu na sketi ya miraba, akajiangalia kwenye kioo mbele, nyuma, ubavuni. Nikajua amelikubali.

Tukafika siku ya bweni. Hadithi ilitaka wanafunzi wakusanyike ukumbini, wachome sheria za bweni, halafu wavue kuonyesha kwamba hawaogopi mtu. Wa kuvua walikuwa waigizaji waliokodiwa kwa jambo hilo, wamekubali toka mwanzo, ngozi zao za rooibos ziko tayari. Kwaya walitakiwa kukaa pembeni na nguo zao, washangilie. Profesa, yaani Mwalimu Zakayo, hakuwa na kazi siku hiyo, alikuwa zake Clairwood. Lakini mwigizaji mmoja, Bianca, akaamka na homa. Julian akaiangalia kwaya, akanyoosha kidole: yule dalingi mwenye shingo nzuri, achukue nafasi ya Bianca.

Kyle akamwendea Furaha, amekaa na sahani yake ya chakula. Akamweleza kwa adabu, kwa Kiswahili. Furaha akaangalia sahani, akasema, "Sawa." Kyle akasema sharp, yaani safi, akaondoka mbio kutoa habari.

Furaha akaja kwenye basi letu la nguo. Nikampa lile joho la taulo wanalovaa waigizaji kabla ya kuvua. Akalipokea kwa mikono miwili. Akalikung'uta. Akaliweka mezani, akaingiza mikono yake ndani, akalinganisha pindo na pindo, akalikunja kama zawadi ya mama mkwe. Kisha akapitisha kiganja juu yake ili lisibaki hata kunyanzi moja.

Nikauliza, "Furaha, umekubali?"

"Nimesema sawa, Bibi."

"Sawa ya namna gani?"

Nomvula akainua pasi. Furaha akasema polepole, "Ile sawa ya kumjibu mkubwa. Kwetu ukisema sawa na haunyanyuki, mtu anaelewa. Huyu hakuelewa. Ameenda kusema."

Nyinyi mliozaliwa hapa niwaeleze. Sawa yetu ni nguo ya saizi zote. Kuna sawa ya kukubali. Kuna sawa ya nimesikia. Kuna sawa ya toka mbele yangu. Na kuna sawa ya binti aliyelelewa vizuri, ambayo ni hapana iliyovaa sketi ndefu. Kyle huko Moshi alifundishwa ya kwanza tu, labda kwa sababu watoto wa mpira hawana haja ya hizo nyingine.

Nikamuuliza kama anaogopa baba yake ataona. Akanijibu jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mpole vile.

"Baba ni jambo lingine, Bibi. Mimi mwenyewe mwili ni wangu, na sitaki. Lakini nikienda kukataa sasa, watafukuza kwaya yote, na mimi ndiye nitakuwa nimewafukuzisha."

Nikamwambia akae. Nikaenda kwa Kyle, nikamwambia binti hataki. Kyle akashangaa kwa dhati. Alisikia sawa kwa masikio yake, na amekaa Moshi. Nikamwambia Moshi ni mbali. Akanipeleka kwa Julian.

Julian alinipokea vizuri, akanipa na kiti. Akasema hakuna anayemlazimisha mtu, hiyo ni filamu ya uhuru. Ila kama dalingi anaona haya, basi si yeye anayekataa, ni jamii inayokataa ndani yake, wazee, kanisa, na mimi nimsaidie aishinde. Nikamuuliza, kwa hiyo ana uhuru wa kuvua? Akasema wote. Na wa kutovua? Akafikiri, akasema kwa upole ule ule kwamba huo ndio utumwa tunaoupinga. Halafu akatazama juu, akasema jua linaondoka dirishani, na kama kwaya hii ni ya woga, Kyle ataleta watu wengine baada ya chakula.

Nikasema sawa. Kyle akafurahi.

Nikarudi kwenye basi, nikamwambia Furaha asiguse sweta lake, anifuate, akae na soprano wenzake. Nikamwambia Nomvula azime pasi. Yeye ni Mzulu, akaniangalia ninavyokaza na kulegeza fundo la kitenge changu, akaanza kusema Gogo, Gogo, usifanye. Kwa hiyo alikuwa ameelewa.

Hili jambo hakuna aliyekaa kikao kulipitisha. Warundi, Wakongo, Wazulu, hatujawahi kuulizana, lakini wote wanalijua. Mwanamke mzee akifungua nguo yake kwa hasira mbele ya wanaume, ule si uchi. Ile ni laana. Atakayeona ameona mlango alioingilia duniani, na ameuona ukifungwa.

Nikaingia ukumbini. Taa zimewaka, waigizaji na majoho yao, kwaya pembeni katika sauti zake nne. Bongani amekaa kwenye kamera na imeshaanza, maana Julian alikuwa anapenda kuirekodi mapema kabla watu hawajajiandaa. Nikatembea mpaka katikati, mahali palipobandikwa utepe wa kuonyesha atakaposimama Bianca. Nikasimama juu yake.

"Nimesikia hapa anatafutwa mwanamke wa kuvua," nikasema. "Soprano yule ni mtoto wangu. Mkubwa kwanza."

Nikasema kwa Kiswahili, nikarudia kwa kile Kizulu changu cha sokoni, ili asiwepo wa kusingizia lugha. Kisha nikashika fundo.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Jean-Bosco, Mkongo wa nyaya, mtu mnene asiyekimbia hata mvua. Aliweka waya chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Akasema, "Mama, mimi niko na watoto wadogo," akageuka, akapita mlangoni bila kuufungua vizuri. Nikawaita wengine kwa majina, mmoja mmoja, kwa sababu laana isiyo na jina ni upepo tu. Sipho wa taa. Bongani. Themba wa kipaza sauti. Lucky. Mandla, wa Umlazi, ambaye mama yake Tholakele tunauziana mboga. Kila ninayemtaja anaondoka. Sipho katika kukimbia akajikwaa kwenye waya wa Jean-Bosco, taa kubwa ikazima. Wanaume wa kwaya nao wakaondoka, lakini hata hapo adabu haikuwatoka: besi kwanza, maana wako karibu na mlango, halafu tenori. Vijana waliokuwa tayari kuvua wakajifunga majoho mpaka shingoni, wakawafuata bila kujua kwa nini, kama mbuzi.

Julian alibaki. Mwanzoni alipiga makofi. Akasema hivyo ndivyo, hivyo hasa, Gogo ni huru kuliko sisi wote. Halafu akageuka kumwambia Bongani asogeze kamera, akakuta kiti. Akatafuta taa, akakuta kivuli. Akauliza watu wake wanaenda wapi. Kyle alikuwa ameficha uso wote nyuma ya karatasi za hadithi. Kumbe hilo Moshi walimfundisha.

"Gogo, tafadhali," akasema kule nyuma ya karatasi. "Niambie unataka nini."

Nikamwambia mimi sitaki kitu. Amuulize aliyesema sawa, safari hii kwa maneno ambayo hayavuliki: ndiyo au hapana.

Kyle akamuuliza hivyo hivyo. Soprano na alto wote wakamgeukia Furaha. Mtoto wa watu alikuwa amezoea kuimba mbele ya kanisa zima, lakini neno moja peke yake, bila wenzake wa kulishika naye, lilikuwa halijawahi kumtoka. Mimi na fundo langu hatungeweza kulisema kwa niaba yake. Ningefungua na kufunga mpaka jioni, asiposema, kesho angeombwa tena mahali ambapo mimi sipo.

"Hapana," akasema. Alisema chini. Halafu akapandisha, kama anavyopandisha ubeti wa mwisho, akamtazama Julian mwenyewe. "Hapana. Sitaki. Na wenzangu wasifukuzwe."

Julian akauliza, na alikuwa anauliza kweli, kwa nini hakusema toka mwanzo.

"Nilisema," Furaha akamjibu. "Nilisema sawa."

Hadeda akapita juu, akalia. Nikakaza fundo langu.

Mtaniuliza chini ya kitenge kulikuwa na nini. Ilikuwa ile miezi ya baridi, na ukumbi ule una sakafu ya mawe. Nilikuwa na sketi ya sufu, na chini ya sketi suruali ya marehemu Anaklet, na chini ya suruali soksi mpaka gotini. Ningefungua kila kitu chenye fundo na kifungo, wasingeona hata kisigino. Lakini hakuna mwanaume aliyesubiri kuhakikisha, na huo ndio uzuri wa heshima.

Kuwarudisha haikuwa rahisi. Jean-Bosco alisimama mlangoni akitupa mgongo, akataka Nomvula aje athibitishe kwamba fundo limekazwa. Sipho aliomba nimshike mkono nimwambie kwamba hakuna kilichomfikia, nikamshika, nikamwambia. Julian akatembea peke yake kwenye majani, akarudi na uso wa furaha. Alikuwa amepata wazo. Katika wote wanaovua, akae msichana mmoja na sweta lake mpaka shingoni, hatikisiki, maana huo nao ni ujasiri. Alilieleza wazo hilo kwa watu wengi siku ile, na mimi alinieleza nikiwa natoa uzi kwenye sketi ya Furaha. Nikamwambia ni wazo zuri, limetoka kichwani kwa mtu mwenye akili. Akasema asante, dalingi.

Kyle ndiye aliyebadilika. Tangu siku hiyo, kila anapomwomba mtu wa kwetu jambo, anasubiri, anaangalia mikono yake. Nimemwona akimpa mzee mmoja kofia, mzee akasema sawa huku akiipangusa vumbi na kuirudisha kwenye boksi, na Kyle akasema basi, hakuna shida, tutatafuta nyingine. Nanyi fanyeni hivyo. Pasi mnajua, mkasi mnajua. Hilo ndilo limebaki.

Filamu ilipotoka, tuliitazama Albert Park, ghorofani kwa Mwalimu Zakayo. Mjukuu wangu Divine alishika rimoti, kidole kiko tayari, aruke pale pa kuruka, na kwa kuruka huko filamu ndefu ikawa fupi kuliko mahubiri. Furaha alikuwa akitugawia chai. Alipojiona na lile sweta, katikati ya watu waliokuwa wakipitishwa mbio na kidole cha Divine, akasimama na birika mkononi, akajiangalia mbele, nyuma, ubavuni, akaendelea kumimina. Mwalimu Zakayo alikaa mbele, na suti, leso mkononi. Mpaka hapo alikuwa bado anasubiri polisi watokee.

Ndipo likaja lile ambalo hatukulitegemea. Kamera aliyoiacha Bongani ilikuwa haikuzimwa. Julian alikuwa amekichukua kile kipande akakitia mwishoni na muziki mkubwa: mlango, na wanaume wanaupita mbio, Jean-Bosco, Themba, Mandla, besi zote, tenori zote, vijana na majoho yanapepea, na Sipho anaanguka, taa inazima. Kwenye pembe ya picha kuna kipande cha kitenge changu, kile cha njano. Wenye kuandika juu ya filamu, Divine ananisomea kwenye simu, wanasema hapo ndipo penye moyo wa hadithi, pale vijana wanapokimbilia kesho yao.

Mwalimu Zakayo akasogea mbele kitini. Akaangalia kama polisi wako nyuma yao. Hawakuwepo.

"Bibi Spesioza," akaniuliza, "hawa vijana wetu wanakimbilia wapi?"

"Hawakimbilii, Mwalimu. Wanakimbia."

"Wanakimbia nini?"

Furaha akashusha birika. Nikatafuta jibu ambalo si uongo.

"Uhuru," nikamwambia.

Akaangalia televisheni, akamwangalia binti yake, akaniangalia mimi na kitenge changu cha njano.

"Sawa," akasema. Kisha akaitandaza leso yake juu ya goti, akaikunja, pembe juu ya pembe, akapitisha kiganja.